Limao Katika Kila Glasi

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na moja mwezi wa pili, saa tatu kasorobo asubuhi. Saa ya ukutani pale jikoni mwa klabu ilionyesha saa tatu kamili, lakini saa ile inakimbia robo saa tangu enzi, na hakuna kiongozi hata mmoja aliyewahi kupanda kiti akairekebisha. Wanapita chini yake, wanaitazama, wanaguna, wanaenda zao.

Nilikuwa natoka stoo na kreti la soda. Mke wangu alikuwa amesimama penye sinki la dirishani, mgongo kwangu, glasi mkononi, pua ndani ya glasi, macho amefumba. Ndivyo alivyosimama kila Jumanne asubuhi kwa miaka kumi na tisa, kwa sababu Jumatatu jioni ni siku ya wale wanachama waonja wiski wanaojiita Waonjaji, na Jumanne ni siku ya kuosha walichoonjea. Pale klabuni wote walimwita Mama Glasi. Mimi waliniita Mzee wa Stoo hata kabla sijawa mzee.

Akaingia meneja mpya, wiki yake ya tatu kazini, viatu vinalia kama vifaranga.

"Mama, unamalizia mabaki?"

"Nanusa, bwana meneja."

"Unanusa nini kwenye glasi tupu?"

"Nanusa kabla sijaosha, halafu nanusa nikishaosha, nijue kama imetakata."

"Kutakata kunaangaliwa kwa macho."

"Macho yanadanganywa na mng'aro," mke wangu akasema. "Pua haidanganyiki."

Mtu mwenye akili angeondoka na somo la bure. Yeye akaichukua ile glasi, akaitia puani, akakunja uso. "Hii pombe," akasema, kama mtu aliyekuta pombe msikitini na si kwenye klabu ya walevi wenye tai.

Nikaweka kreti chini. "Bwana meneja, huyu hata dawa ya kikohozi haigusi akisikia ina pombe. Mimi ndiye mumewe, najua."

"Mzee wa Stoo," akasema, "mume hawi shahidi."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Zile glasi za kuonjea ni ndogo, zina tumbo chini na shingo nyembamba juu, zimetengenezwa hivyo ili harufu isitawanyike. Sabuni haizigusi kabisa. Zinaoshwa kwa maji ya moto kadiri mkono unavyostahimili, mara mbili, kisha zinalazwa ubavu juu ya kitambaa cha pamba. Hazifudikizwi, kwa sababu glasi iliyofudikizwa inajifungia hewa mbichi ndani. Haziwekwi kabatini, kwa sababu kabati lina rangi na rangi ina harufu. Zikikauka, zinanuswa. Yenye harufu yoyote inarudi majini. Mke wangu hakufundishwa na mtu. Aligundua mwenyewe, siku moja aliposikia mwanachama akisifu "harufu ya maua" kwenye wiski, naye anajua yale maua ni ya sabuni aliyooshea.

Kunusa kabla ya kuosha, huko ndiko kulikokuwa kupenda kwake, sitaficha. Alisema glasi iliyolala mpaka asubuhi ndiyo inayosema kweli. "Pombe imeshaondoka usiku na fujo zake," alikuwa akiniambia. "Iliyobaki ndiyo tabia."

Na kulikuwa na mtu mwingine aliyejua hayo. Mwenyekiti wa Waonjaji, ambaye ndiye mwenyekiti wa klabu nzima, kila Jumanne saa moja na nusu, kabla wenye vyeo hawajafika, alipita mlango wa nyuma, kofia mkononi kama mkopaji.

"Leo zinasema nini, Mama Glasi?"

Naye anamweleza, moja moja. Mwenyekiti anaandika kwenye kijitabu kwa kalamu yake ya dhahabu. Wiki inayofuata anasimama mbele ya wenzake, anafumba macho, anayasema yale yale kana kwamba yamemshukia.

Sasa nije kwenye wiski za Kihindi, kabla meneja huyu hajaja. Mwanachama mmoja alirudi safarini na chupa mbili, singo molti, yaani wiski ya kimea cha shayiri tupu iliyotoka kiwanda kimoja. Nilizifungua mimi. Walivyocheka, ungedhani nimewaletea mkojo wa punda. Daktari wa Meno, ambaye ni mjumbe wa kamati, akasema, "Hiyo nitawapa wagonjwa wasukutulie." Wakili, mjumbe mwenzake, akasema wale watu wanapika molasi, wanatia rangi, wanabandika lebo. Yeye hajawahi kufika huko, wala kusoma ile lebo aliyoishika mkononi, imeandikwa shayiri kwa herufi kubwa. Lakini wakili haachi kusema kwa sababu hajui. Wakanywa kwa kucheka, wakaenda.

Asubuhi mke wangu akaniita. "Njoo unuse."

Nikanusa. "Pombe."

"Tulia, we mwanamume. Usivute kama unavuta tumbaku. Pita tu juu yake, kama unavyopita mbele ya mlango wa watu."

Nikapita. Na kweli, nikakutana na ganda la mkate lililoungua kidogo, na embe lililoiva mpaka likaanguka lenyewe, na mbali nyuma huko, ngozi ya kiatu kipya. Mimi nakunywa, nimebeba chupa maisha yangu yote, sikuwahi kujua kwamba glasi tupu ina vyumba ndani.

Mwenyekiti alipokuja, mke wangu hakumbembeleza. "Jana mlicheka, mmecheka bure. Hii ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote mezani. Imekaa kwenye joto, haikulala usingizi kama hizo zenu za baridi. Imekua upesi, kama kifungua mimba mwenye wadogo sita."

Jumatatu iliyofuata, Mwenyekiti akasimama. "Ndugu zangu, msicheke. Wiski hii imekua upesi, kama kifungua mimba mwenye wadogo sita." Midomo ikabaki wazi. Daktari wa Meno akasema hata yeye alikuwa amehisi kitu kama hicho. Wakili akasema joto, ndiyo, joto, amekuwa akisema siku zote. Kuanzia hapo Waonjaji wakawa mabingwa wa wiski za Kihindi. Zikaagizwa kwa makasha, zikachapishwa kadi zenye maelezo ya kila chupa, na Mwenyekiti akapewa jina la Pua. Kilemba cha ukoka, akakivaa kama amezaliwa nacho.

Huyo ndiye aliyekalia kiti cha katikati Alhamisi ile, tarehe kumi na tatu, kamati ilipomwita mke wangu. Kulia Wakili, kushoto Daktari wa Meno. Nilisimama kwenye ujia, mlango haukufungwa vizuri, na hata kufunga mlango wanamtegemea mtu mwingine.

"Nilikuwa nanusa," mke wangu akasema.

"Tangu lini kunusa pombe kukawa kazi ya mwosha glasi?" Daktari wa Meno akauliza.

"Muulizeni Mwenyekiti. Anajua."

Mwenyekiti alikuwa anaitazama ncha ya kalamu yake kama ina tatizo.

"Mimi jikoni siingii," akasema.

Maneno matatu. Halafu akatia saini, kwa kalamu ile ile iliyoandika maneno ya mke wangu kila Jumanne. Barua ikasema Mama Glasi ameachishwa kazi kwa kukutwa akinywa mabaki ya pombe akiwa kazini. Akinusa Mwenyekiti, mtaalamu. Akinusa mke wangu, mlevi. Na pua ni ile ile, matundu mawili, makamasi ndani.

Habari ya ulevi haihitaji mbeba barua. Ilifika mtaani kabla yetu. Kwenye kikundi chake cha akina mama walimwambia apumzike kidogo kazi ya mweka hazina, "mpaka mambo yatulie, dada." Alirudi nyumbani, akavua kanga ya kikundi, akaikunja, akaiweka chini kabisa ya sanduku, na hakurudi huko. Alianza kukaa ndani. Mwezi wa nane akafa. Daktari wa hospitali aliandika shinikizo la damu. Mimi ningeandika kitu kingine, lakini aliyeishia darasa la nne haandiki vyeti vya vifo.

Siku mbili kabla, aliniuliza, "Ile barua bado iko kwenye faili?"

"Ipo."

"Itoe, mume wangu. Nisibaki mle na jina la ulevi."

Nikamwahidi. Ndiyo maana sikuacha kazi. Binti yetu, fundi cherehani, kila Jumapili alinisema huku amebana pini midomoni. "Baba, unawezaje kuwabebea wale watu chupa?"

"Siwabebei wao. Nalilinda faili."

"Liibe basi, ulichome."

"Nikiliiba atakuwa mlevi ambaye mumewe ni mwizi. Aliyeandika ndiye afute."

Akatema pini kiganjani. "Utangoja sana, Baba."

Faili liko ofisini kwa meneja, kabati la chuma, la tatu kutoka chini, kijani. Mara mbili nilimwomba Mwenyekiti. Mara ya kwanza alinipa pole ya msiba. Mara ya pili alinipa pole ya msiba.

Meneja naye hakuajiri mwosha glasi. Akanunua mashine, ikakaa mahali pa sinki la dirishani, inanguruma kama imepewa cheo. Inakula unga wa sabuni kutoka kwenye ndoo ya manjano iliyochorwa malimao mawili, na ukifungua mlango wake mvuke unakupiga usoni kama umeanguka kwenye kikapu cha malimao. Nilimwambia, mara moja tu, "Bwana meneja, za kuonjea haziingii humo."

"Mzee, kazi yako ni stoo."

Basi. Ng'ombe akisema njia hii ina shimo, mwenye gari humchapa.

Ndipo ikatangazwa kwamba mgeni anakuja, mtengenezaji mwenyewe, kutoka kwenye kimoja cha viwanda vya huko India. Watu wa kiwanda walikuwa wamezisoma kadi zetu, zilizotumwa pamoja na oda, wakavutiwa, wakataka kuwaona watu wenye ulimi kama huo. Jumamosi, saa tisa alasiri, ukumbi mkubwa, Waonjaji kumi na wawili, wiski tano, kila mtu glasi tano mbele yake. Mashine iliosha glasi sitini. Glasi tano za mgeni niliosha mimi, asubuhi, kwenye karai, maji ya moto mara mbili, nikazilaza ubavu juu ya kitambaa cha mke wangu nilichotoka nacho nyumbani. Nilizinusa zote. Yule mgeni hakunikosea kitu, kwa nini nimnyweshe sabuni.

Alikuja mwanamke wa miaka hamsini hivi, kavaa raba. Wao walikuwa wamejipanga kumpokea mwanamume. Wakili akamuuliza mumewe atafika saa ngapi.

"Mume wangu ni mwalimu wa hesabu," akasema. "Hanywi." Na alisema kwa lugha yetu, kwa maana alizaliwa na kukulia hapa hapa kabla wazazi wake hawajarudi kwao. Mimi nilipomvutia kiti alinipa mkono. Nikamwita Mama Fundi, akakubali.

Akawaeleza kazi yake. Shayiri inaloweshwa, inachipua, inakaushwa, inapikwa, maji yake yanalala kwenye pipa. Kwa wenye baridi pipa linapungua kidogo sana kwa mwaka. "Kwetu joto linakunywa pamoja na sisi," akasema. "Kila mwaka karibu sehemu moja ya kumi inapotea hewani. Wenyewe tunaita fungu la malaika."

Kumbe hata huko juu kuna kamati.

Wakaanza. Kwanza rangi: kila mmoja akainua glasi kwenye mwanga, akafinya jicho kama fundi saa. Kisha tone la maji, kwa kijiko kidogo, tone moja, kwa heshima. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawa wanajisifu wenyewe na maji wanatia wenyewe. Mimi nilisimama ukutani na jagi.

"Napata limao," Daktari wa Meno akasema.

"Ganda la limao," Wakili akamsahihisha. "Tutofautishe."

Mwenyekiti alifumba macho muda mrefu. Tangu mwezi wa pili hakuwa na maneno mapya, alikuwa akila akiba. "Limao," akasema hatimaye, "lililochumwa asubuhi."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Mama Fundi akainusa yake, akakunja kipaji cha uso, akaandika kitu.

Ya pili ilikuwa ya moshi, kimea chake kimekaushwa kwa moshi wa udongo wa bwawani unaochomwa kama kuni. Hata mimi kule ukutani niliusikia. "Moshi," wakasema, "na nyuma yake, limao." Ya tatu ililala kwenye pipa lililowahi kuhifadhi divai. "Zabibu," wakasema, "lakini subiri, subiri, limao." Kufikia ya nne Wakili alishapata sababu: kiwanda kiko chini ya milima, upepo wa jioni unapita kwenye mashamba ya malimao, unaingia kwenye mapipa.

"Karibu na kiwanda chetu hakuna malimao," Mama Fundi akasema. "Kuna gereji."

"Mimea ya zamani labda," Wakili akasema. "Udongo haukusahau."

Nilimwona yule mama anaanza kuishuku pua yake mwenyewe. Hicho ndicho kilichonichoma. Watu kumi na wawili wakisema limao, wa kumi na tatu anajiuliza kama yeye ndiye mgonjwa. Alinusa tena glasi yake ya nne, akaiweka chini, akageuka.

"Mwenyekiti, samahani. Tubadilishane glasi."

Mwenyekiti akampa yake kwa tabasamu, akidhani ni heshima ya kwao. Mama Fundi alipita tu juu yake. Hakuvuta. Alipita vile vile, kama mtu apitaye mbele ya mlango wa watu, na mimi nikaliweka jagi sakafuni.

"Hii ni sabuni," akasema.

Daktari wa Meno alikuwa na wiski mdomoni, hakujua aimeze au afanye nini. Akameza.

Mama Fundi akainuka, akazunguka meza nzima, glasi moja moja, kumi na mbili. "Sabuni. Sabuni. Sabuni." Hakusema kwa hasira. Alisema kama muuguzi anayehesabu vitanda. Aliporudi alisimama nyuma ya kiti chake. "Zangu ni safi kuliko za maabara yetu. Nani kaziosha?"

Wote wakamtazama meneja. "Mashine," meneja akasema. "Mpya kabisa."

"Si mashine," nikasema. "Ni mimi, kwa mkono. Nilifundishwa na mke wangu."

"Yuko wapi nimpe mkono?"

"Alifariki mwezi wa nane. Alikuwa mwosha glasi hapa miaka kumi na tisa. Walimfukuza kwa ulevi."

"Mzee wa Stoo," Mwenyekiti akasema polepole, "si mahali pake."

"Alikutwa ananusa glasi," nikaendelea, kwa Mama Fundi, si kwa wao. "Kila Jumanne ananusa, anasema alichokuta, na mtu anaandika. Alisema ile ya kwenu imekua upesi, kama kifungua mimba mwenye wadogo sita."

Yule mama alichukua kadi iliyokuwa mezani, akaisoma, akaniangalia, akaisoma tena. "Sentensi hii tumeibandika ukutani kiwandani," akasema. "Ndiyo iliyonileta." Akaisogeza kadi mbele ya Mwenyekiti, pamoja na glasi yake ya tano, niliyoosha mimi, safi, haijaguswa. "Mwenyekiti, nusa hii uniambie imekaaje. Kwa maneno yako."

Mwenyekiti aliishika. Akaiinua kwenye mwanga, akaitazama rangi. Akatia tone la maji. Akatia la pili. Akafumba macho, na tukangoja, na niliweza kusikia mashine huko jikoni ikinguruma na glasi za chakula cha mchana. Akafumbua.

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana."

Debe tupu nalo siku hiyo liliacha kuvuma.

"Basi nikuulize jambo jepesi," Mama Fundi akasema. "Yule mama alikuwa akinywa, au alikuwa akinusa?"

Mwenyekiti akaifuta midomo kwa kitambaa, pembe moja, kisha pembe ya pili. "Hilo ni suala la utumishi," akasema. "Lina kikao chake."

Mgeni aliondoka bila kuonja ya tano. Mlangoni alinishika mkono tena, akaomba kile kitambaa cha pamba akione, akakipitisha puani, akanirudishia kimekunjwa.

Vikao vimekaa viwili tangu siku ile. Cha kwanza kiliamua wanunue sabuni isiyo na harufu. Cha pili kiliamua kwamba watumishi wasizungumze mbele ya wageni. Kutoka kiwandani ilikuja barua, imeandikwa mstari mmoja, swali lile lile. Meneja ameitia kwenye faili la kijani, la tatu kutoka chini, imelala juu ya ile nyingine. Hawajanifukuza. Wanangoja nife, ndiyo desturi yao ya kumaliza mashauri.

Nami kila Jumatatu naingia ukumbini na trei, naweka glasi mbele ya Mwenyekiti, nainama kidogo kama utumishi unavyotaka, na nauliza kwa sauti ya kumfikia yeye na wawili wa pembeni yake. Yeye anainua glasi kwenye mwanga, anatazama rangi.

Mwenyekiti, mke wangu alikuwa akinywa, au alikuwa akinusa?